Hadithi ya kweli ni ipi?

Mara nyingi mtu akimaliza kusoma hadithi fupi huuliza: «Je, ni ya kweli?» Akiambiwa kwamba imetungwa, huiweka kando kama uongo. Lakini ziko hadithi za kutungwa zinazosema kweli. Utungaji wa namna hiyo huitwa uhalisia, ndiyo kusema, kuonyesha maisha jinsi yalivyo.

Tutazame mfano mmoja. Mwaka 1886 Anton Chekhov, daktari na mwandishi wa Urusi, alitoa hadithi iitwayo «Toska», maana yake majonzi. Mzee Iona huchukua abiria kwa gari la farasi mjini Petersburg, theluji ikianguka. Mwanawe amefariki juma lile lile, naye anatafuta mtu wa kumweleza. Afisa wa jeshi anauliza kijana alikufa kwa ugonjwa gani, kisha anafumba macho. Vijana watatu wanamtukana, na mmoja anampiga. Usiku, zizini, Iona anamweleza farasi wake.

Basi, ni hayo tu. Wengine watasema: hadithi hii haina mafundisho. Mimi nakataa. Angalieni mambo madogo. Vijana wale wanatoa kopeki 20, nauli isiyotosha, na Iona anakubali bila ubishi: leo hatafuti fedha, anatafuta sikio. Tena haimtoshi kusema «mwanangu amekufa». Anataka kueleza kwa taratibu jinsi alivyougua, aliyoyasema kabla ya kufa, na mazishi yake. Nani kati yetu aliyekaa matangani asiyelijua jambo hilo? Mwandishi haelezi ukubwa wa huzuni. Anaweka nauli na farasi mbele yetu, kisha ananyamaza.

Hapa ndipo anapotushinda sisi tunaojaribu kuandika. Sisi twapenda kumwadhibu mlevi na kumtajirisha mwema katika ukurasa wa mwisho, halafu twaongeza fundisho kama mkia. Msomaji hufurahi, hufunga kitabu, wala hakuulizwa neno. Chekhov hamlaumu afisa hata kidogo. Afisa yule si mtu mwovu. Ana haraka tu. Kwa sababu hiyo msomaji hujiona mwenyewe amekaa ndani ya gari lile, macho yamefumbwa.

Nawe, ndugu, juma hili ni nani aliyetaka kukueleza msiba wake, ukamjibu: «Tutaonana kesho»?