Miaka 2 au 5: Kumsoma Morrie Ukiwa Kisii

Kama umewahi kununua kitabu cha mitumba pale Tom Mboya, kuna uwezekano umeshika Tuesdays with Morrie. Mitch Albom alikitoa mwaka 1997, akisimulia miezi ya mwisho ya mwalimu wake wa chuo, Morrie Schwartz, aliyekufa Novemba 1995 kwa ugonjwa unaoua neva zinazoamrisha misuli. Watu hukisoma kwa ajili ya mawaidha. Mimi mawaidha yenyewe huniboesha kidogo. Ninachorudia ni kurasa za mwanzo, ambazo wengi huzipita mbio: Agosti 1994, daktari anampa Morrie na mkewe Charlotte habari mbaya, kisha anakaa nao karibu saa mbili akijibu kila swali.

Saa mbili! Hebu ipeleke saa hiyo Nyamira. Mama anaona vidole vinakataa kuchuma chai. Anachuliwa, anapewa dawa za maumivu, anaombewa. Miezi inapita. Akibahatika anatumwa Nairobi, maana madaktari wengi wa neva wako huko, na anaambiwa neno zito kwa Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili. Halafu neno hilo linapanda shuttle, linapita Narok, na kufika nyumbani likisubiri mtu wa kuligeuza kuwa Ekegusii. Nani ataligeuza?

Mwongozo wa madaktari wa neva wa Ulaya wa mwaka 2012 unashauri dakika 45 hadi saa nzima kwa mazungumzo hayo, na mgonjwa aonwe tena baada ya wiki chache. Sheria yetu ya Afya ya 2017 nayo inasema mgonjwa aelezwe hali yake, na inapowezekana kwa lugha anayoielewa. Inapowezekana. Foleni imejipanga hadi nje, na neno hilo moja linabeba lawama zote.

Kiswahili chenyewe kina kasoro yake hapa. Tunasema "ubashiri", neno ambalo kijana wa leo analijua zaidi kwenye mkeka wa mechi za Jumamosi. Daktari akisema wagonjwa wengi huishi miaka 2 hadi 5 tangu dalili zianze, familia inasikia tarehe. Lakini hiyo ni hesabu ya watu wengi waliopangwa pamoja, na takriban 1 kati ya 10 huvuka miaka 10. Stephen Hawking aliambiwa mwaka 1963 kwamba amebakiza kama miaka miwili, akafa 2018. Mfano huo hupendwa sana na wajomba wa kutia moyo, na nadhani unadhuru karibu sawa na kunyamaza: Hawking alikuwa wa ajabu hata miongoni mwa wagonjwa wenzake.

Sasa kuna hoja rahisi ambayo siinunui: eti Morrie ni mzungu, sisi Waafrika hatupendi kuambiwa mambo ya kifo. Abagusii wana kitu kinaitwa chinsoni, ile haya inayotenganisha mzazi na mtoto wake. Kuna mambo ya mwili wa baba ambayo kijana hayasemi wala hayasikii. Lakini babu na mjukuu wanaweza kutaniana mpaka mbavu ziume. Kwa hiyo chinsoni haikatazi kujua. Inapanga nani amwambie nani. Daktari anayemvuta kifungua mimba kwenye korido na kumnong'onezea kwamba mzee atashindwa kumeza, kisha kupumua, anadhani anaheshimu utamaduni, kumbe amemtwika neno hilo mtu asiyeruhusiwa kulifikisha. Kijana atarudi wodini na kusema, "Tata, daktari anasema utapona pole pole." Swali la kwanza lilipaswa kuulizwa mzee mwenyewe: ungependa kujua kiasi gani, na nani aketi nawe? Huenda angemtaja mjukuu. Huenda angemtaja ndugu yake.

Na kimya kikikaa, majirani hukijaza. Mkono unakonda, ulimi unakuwa mzito kama wa mlevi, huku kwa wengi akili iko timamu kabisa. Kisii watu wasiopungua 11 walichomwa moto Mei 2008 kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021, kule Marani, akina mama wanne wazee waliuawa kwa tuhuma hizo hizo. Sidai kuna ugonjwa huu nyuma ya vifo hivyo. Nasema tu kwamba pale, ugonjwa usio na maelezo unaweza kumtafutia jirani kosa.

Hapo ndipo kitabu cha Albom kinaniishia. Morrie alikuwa na mwanafunzi wa kuandika maneno yake, na kamera za televisheni nyumbani. Hakuwa na robo ekari ambayo hati yake bado ina jina la babu, na wana watatu wanaobishana mpaka uko kwenye mgomba gani. Kwa mzee wa Gucha au Borabu, habari yenye thamani kuliko zote huenda isiwe atakufa lini. Huenda ikawa hii: baada ya miezi kadhaa sauti inaweza kwenda. Akiijua Januari, anaweza kuwaita wazee na chifu, atembezwe shambani akishikwa mkono, na aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, mpaka unapita wapi.