Taa ya kijani haisemi yote: uhakiki wa karatasi ya ruta

Kwenye ukurasa huu tumezoea kuhakiki vitabu na filamu, siku zingine hotuba za wakubwa. Leo nahakiki karatasi moja iliyokunjwa mara sita, ile inayotoka ndani ya kartoni ya ruta ya 4G pamoja na chaja na waya mfupi. Jina la kampuni naliacha, juu karatasi hizi zote zinafanana. Hii yangu nimeisoma mara nne, na niko na sababu.

Mwaka uliopita mdogo wangu wa kike alikuwa anatuma dosiye ya kuomba bursi. Mwisho ilikuwa saa sita usiku. Tuko nyumbani Kimanga, saa tano kasoro, faili mbili zimepanda, ya tatu imekwama. Naangalia ruta: taa ya umeme iko kijani, taa ya Wi-Fi inapepesa, taa ya intaneti iko kijani, imetulia kabisa. Kwa akili yangu, kama taa zote zinasema sawa na ukurasa haufunguki, basi mashine yenyewe imechanganyikiwa. Nikachukua sindano nikaingiza kwenye katundu ka RESET, nikahesabu mpaka kumi.

Pale ndipo nilipoharibu. Jina la Wi-Fi likabadilika, neno la siri tulilolijua likafutika, na lile la kiwandani, lililoandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta, lilikuwa limesuguliwa na meza hata herufi tatu hazisomeki. Tukabahatisha karibu saa nzima. Mwishowe nikatoa laini, nikaiweka kwenye simu, nikauliza salio: mega sifuri. Forfe ilikuwa imekwisha, basi. Ruta haikuwa na ugonjwa wowote. Wakati nanunua mega zingine ilikuwa saa sita na dakika kumi, na ukurasa wa bursi ulikuwa umefungwa.

Mtaniambia kosa ni langu. Ndiyo, la sindano ni langu. Lakini ile taa? Karatasi inasema hivi tu: kijani maana yake imeunganishwa. Imeunganishwa na nini, haisemi. Taa ile inaeleza kwamba ruta imeonana na mnara na mnara umeikubali. Mambo ya forfe yanaamuliwa mbele zaidi, kwenye mashine za kampuni ya simu, na mara nyingi ruta haina namna ya kukuonyesha kwa taa kwamba umefungiwa huko. Sisi tuliosoma kilimo tunaijua hali hii. Muhogo wenye michirizi ya kahawia unaweza kusimama shambani, hapo uwanda wa Ruzizi, na majani ambayo mkulima hayaoni ubaya, halafu unang'oa unakuta ndani kumeoza, kukavu. Ukimfundisha mkulima kwamba jani la kijani ni afya, umemdanganya. Karatasi hii inafanya vilevile, tena katika lugha tano, na Kiswahili si moja yao.

Kinachonikasirisha zaidi ni kitu ambacho haikutaja kabisa. Ruta ya laini inapokea SMS kama simu. Ujumbe wa kampuni kwamba forfe inakaribia kwisha unaweza kuingia kwenye namba ile iliyo ndani ya ruta na kukaa humo, hakuna anayeusoma. Ili kuuona unafungua brauza na kuandika anwani iliyo kwenye kibandiko, kwa kawaida 192.168.1.1, 192.168.8.1 au 192.168.0.1, halafu unatafuta sehemu ya ujumbe. Ukurasa huo unafunguka hata intaneti ikiwa haipo, kwa sababu unatoka ndani ya ruta yenyewe. Kwa hiyo ni kipimo kizuri pia: ukifunguka, simu yako na ruta zinasikilizana, shida iko mbele. Usipofunguka, shida iko hapa nyumbani. Mstari mmoja tu wa maelezo haya ungeokoa dosiye yetu. Karatasi ilipata nafasi ya kuchora mkono ukishika chaja, lakini mstari huu ulikosa nafasi.

Rangi nazo. Kuna ruta zingine ambazo taa moja inabeba habari zote: rangi moja kwa 4G, nyingine kwa 3G, nyingine kwa 2G, nyekundu kama mtandao umekosekana. Kwa mchoraji ni uzuri. Lakini kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini, karibu mmoja kati ya 12 hatofautishi vizuri nyekundu na kijani, na hata kwetu, ingawa ni wachache zaidi, wapo. Linksys WRT54G, ruta ya zamani iliyotoka mwisho wa 2002, ilikuwa na sura ya boksi la viatu, lakini kila tundu la waya lilikuwa na taa yake, 1 mpaka 4, na intaneti ilikuwa na yake peke yake. Taa ikizimika unajua ni waya upi. Leo tunauziwa ruta nzuri ya kupamba sebule, taa moja, tuitafsiri kama ndoto.

Nisiwe mkali bure, kuna vitu vilivyofanywa vizuri. Kuficha RESET ndani ya katundu ni busara: mtoto haigusi, na hata mimi nililazimika kutafuta sindano, yaani nilipewa muda wa kufikiri nikaukataa. Nachotaka ni maandishi karibu nayo yaseme kwamba inafuta kila kitu ulichokiweka. Kuzima na kuwasha ni jambo lingine, halifuti. Na umeme ukirudi, ruta inaweza kuhitaji dakika mbili tatu kutafuta mtandao, taa nyekundu wakati huo si ugonjwa. Huku kwetu ambako umeme unakwenda na kurudi, najua nyumba ambako sindano inaingizwa kila jioni.

WPS ni sura nyingine. Karatasi inaisifu: bonyeza, simu inaingia bila neno la siri. Haisemi kwamba mwisho wa 2011 Stefan Viehböck alionyesha udhaifu wa namba yake ya siri. Namba ina tarakimu nane, lakini ruta inaikagua vipande viwili, kwa hiyo anayebahatisha anahitaji majaribio 11,000 hivi, si milioni. Ruta nyingi za baadaye zimeweka kizuizi, hata hivyo mimi yangu nimeizima kwenye ule ukurasa wa ndani. Kwenye parseli yenye wapangaji sita, mega zinakwisha haraka hata bila wageni.

Sasa ninaandika karatasi yangu ya Kiswahili, ya kubandika ukutani juu ya ruta. Matundu ndiyo yamenisumbua. WAN na LAN ni sura moja, waya mmoja unaingia kote, na mtu akichomeka waya unaoleta intaneti kwenye LAN, kwa kawaida hapati kitu. Nimeandika WAN ni mlango wa parseli, LAN ni milango ya vyumba. Rafiki yangu fundi umeme anakataa: anasema mlango unapita mtu, hapa panaitwa tundu, tusichanganye wazee. Mdogo wangu, ambaye dosiye yake ya mwaka huu imeshakwenda tangu wiki mbili kabla ya mwisho, yuko upande wa mlango. Kwa sasa nimeacha maneno yote mawili, nikachora mshale.