Fani na Maudhui ya Pakiti: Lugha ya Vyakula vya Kupasha Moto na Msomaji wa Tulia

Uhakiki wa Kiswahili umejishughulisha kwa muda mrefu na ushairi, riwaya na tamthilia, na hapana budi uendelee kufanya hivyo. Hata hivyo, yapo maandishi mengine yanayoingia katika nyumba ambazo hazina hata riwaya moja, nayo ni maandishi ya pakiti na mikebe ya chakula. Makala haya yanakusudia kuyachunguza maandishi hayo kama kazi yenye fani na maudhui. Yatakayoangaliwa hasa ni yale yanayoandamana na chakula kilichokwisha kupikwa, ambacho mnunuzi hutakiwa kukipasha moto tu.

Msomaji atakayekuwa kipimo cha uhakiki huu ni mkaazi wa Tulia, katika kaunti ya Kitui. Tulia imechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, vyakula vya Wakamba vinavyochukua muda mrefu jikoni, yaani muthokoi na isyo, ndivyo vinavyofaa kupikwa mapema na kufungwa. Pili, Kitui ni nchi kavu ambako maji na kuni ni mali. Tatu, watu wa Kitui na Makueni wana sababu kubwa ya kutaka kujua kilichomo ndani ya mahindi wanayokula.

Si kweli kwamba chakula cha kupasha moto ni jambo geni lililoletwa na maduka makubwa. Katika mitaa ya Nairobi na miji mingine ya Kenya, akina mama wamekuwa wakichemsha mahindi na maharagwe tangu alfajiri, na kuyauza kwa kipimo cha kikombe au mkebe. Mnunuzi huenda nyumbani akakaanga kitunguu, akatia chumvi, akala. Hicho ndicho chakula cha kupasha moto, na kifungashio chake kwa miaka mingi kilikuwa mfuko mwembamba wa plastiki. Siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 8 Agosti 2017, mpigakura mmoja alipigwa picha akiwa katika foleni, anakula githeri kutoka katika mfuko wa namna hiyo, na picha hiyo ikaenea nchi nzima. Siku 20 baadaye, tarehe 28 Agosti, marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea ilianza kutekelezwa. Mfuko ule ukatoweka machoni mwa sheria, na mnunuzi akaanza kuja na bakuli lake.

Mfuko ule haukuwa na neno hata moja juu yake. Haukuwa na haja ya kuwa nalo, kwa kuwa mpishi alikuwapo. Mnunuzi aliweza kumwuliza, “Mama, hii umeichemsha leo au jana?” Aliweza kutazama moshi, kunusa, kubonyeza punje kwa kidole, na kukumbuka kama wiki iliyopita aliumwa na tumbo. Pakiti iliyofungwa kiwandani inamwondoa mpishi huyo. Kwa hiyo maandishi yake hayana budi kuyajibu maswali ambayo mpishi angeulizwa. Hii ndiyo hoja ya msingi ya makala haya: anayebuni pakiti ya chakula cha kupasha moto anaandika upande mmoja wa mazungumzo, na kazi yake ihukumiwe kwa majibu inayotoa.

Tukianza na fani, upande wa mbele wa pakiti nyingi za Kenya una Kiswahili kizuri. Unga wa mahindi umepewa majina kama Jogoo, Soko, Pembe, Jembe na Ndovu. Ni majina mafupi, yenye picha, yanayotamkika na mtoto anayetumwa dukani. Mbuni aliyeyachagua alimjua msikilizaji wake. Lakini pakiti inapogeuzwa, mara nyingi lugha hubadilika. Viungo, namna ya kuhifadhi, maonyo na tarehe huandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo. Kiswahili hupewa kazi ya kuuza, na Kiingereza kazi ya kueleza. Mgawanyo huu hauwezi kuitwa wa bahati. Unaonyesha kwamba mnunuzi ameheshimiwa hadi pale anapotoa fedha, kisha akaachwa.

Jambo hili linagusa hata haki. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike nazo kikamilifu. Habari iliyoandikwa katika lugha ambayo msomaji hawezi kuitumia jikoni haiwezi kusemwa kwamba imemfikia.

Kuhusu maudhui, uzito wote wa chakula cha kupasha moto umo katika vitenzi. Kiswahili kina vitenzi vitatu ambavyo wafasiri wa pakiti huvichanganya: kupika, kuchemsha na kupasha moto. Kupika ni kukitoa chakula katika ubichi. Kuchemsha ni kukifikisha kitu katika hali ya kutokota. Kupasha ni kitenzi cha kusababisha kinachotokana na kupata: anayepasha habari huwafanya wengine wapate habari, na anayepasha moto hukifanya chakula kipate moto. Kwa hiyo neno “pasha” peke yake linatangaza kwamba chakula kimekwisha iva. Pakiti inayosema “pika kwa dakika 5” inamdanganya msomaji mara mbili. Inamfanya adhani kwamba kimo kibichi, na kwa kuwa anajua maharagwe mabichi hayaivi kwa dakika 5, inamfanya asiiamini pakiti yenyewe.

Tarehe nazo zina kasoro ya namna hiyohiyo. Viwanda hutofautisha tarehe ya ubora na tarehe ya usalama. Baada ya ile ya kwanza ladha hupungua. Baada ya ile ya pili chakula kinaweza kudhuru. Kiswahili cha pakiti huzifunika zote kwa maneno “itumike kabla ya”. Matokeo yake ni kwamba mama mwangalifu hutupa chakula kizuri, na mwenye shida hula kibaya akidhani ni ladha tu iliyopungua. Lugha haina upungufu wowote hapa. Inatosha kuandika “ladha yake ni nzuri hadi” kwa jambo la kwanza, na “usile baada ya” kwa jambo la pili.

Maelezo ya moto yanadhihirisha zaidi kwamba mbuni hakuliona jiko la msomaji. Historia ya vifungashio hivi inasaidia hapa. Mfuko wa tabaka za plastiki na alumini, unaofungwa na kisha kutiwa katika joto kubwa la mvuke, ulikuzwa nchini Marekani kwa matumizi ya jeshi. Japani ndiko ulikoingia mapema katika nyumba za watu wa kawaida: kampuni ya Otsuka ilitoa mchuzi uitwao Bon Curry mwaka 1968, wa kutumbukizwa na mfuko wake katika maji yanayochemka kwa dakika 3. Maelekezo hayo yalikuwa mafupi na ya lugha ya wenyeji, nayo yalilingana na jiko lenye maji ya bomba.

Yakihamishwa Tulia bila kufikiriwa, maelekezo hayohayo yanageuka kuwa mzigo. Lita mbili za maji zilizobebwa kutoka mbali haziwezi kuchemshwa kwa ajili ya mfuko mmoja kisha zikamwagwa. Pakiti yenye busara ingesema kwamba mfuko ukiwa mzima na ukioshwa kwanza, maji hayo yaweza kutumika kuoshea vyombo. Bora zaidi, ingetoa njia ya kuukata mfuko na kukimimina chakula sufuriani pamoja na maji kidogo. Ingeonya pia kwamba mfuko wenyewe usiwekwe juu ya makaa, kwa sababu plastiki itayeyuka, na kwamba mkebe usiwekwe juu ya mafiga kabla ya kufunguliwa, kwa sababu unaweza kupasuka. Maelezo yanayoanza na kumalizika kwa tanuri ya umeme yanamwambia mwenye mafiga kwamba chakula hiki hakikukusudiwa kuwa chake.

Linabaki swali zito kuliko yote. Mwaka 2004 watu 317 waliugua katika sehemu za mashariki na kati za Kenya kwa sumu ya aflatoksini, na 125 kati yao walifariki. Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi. Sumu hiyo hutolewa na kuvu anayeota katika nafaka iliyovunwa au kuwekwa na unyevu, na mahindi yaliyohusika yalikuwa ya mashamba na maghala ya wenyeji wenyewe. Machakos ilikwisha kupatwa na maafa ya namna hiyo mwaka 1981.

Joto la kawaida la jikoni haliiondoi sumu hiyo. Kukoboa mahindi kwa ajili ya muthokoi hupunguza sehemu yake, kwa kuwa sehemu hiyo huondoka pamoja na makapi, lakini hakuimalizi. Hata joto la kiwandani la nyuzi 121, ambalo huua vijidudu viletavyo sumu katika vyakula vya mikebe, halitoshi kuifuta. Basi pakiti ya muthokoi inayosema “pasha moto vizuri kwa usalama wako” inasema kweli kuhusu vijidudu, na inanyamaza kuhusu sumu iliyoua. Kwa msomaji wa Makueni kunyamaza huko ni kosa la maudhui, wala si la nafasi. Kiwango cha Kenya hakiruhusu aflatoksini kuzidi sehemu 10 katika kila sehemu bilioni moja. Kama nafaka imepimwa, na isemwe kwamba imepimwa. Kiswahili kimekwisha pata neno linalojieleza lenyewe, “sumukuvu”, ambalo limeenea hasa Tanzania. Msomaji anayelikuta mara ya kwanza huliona kuvu ndani yake, na kukumbuka ghala.

Wapo watakaopinga kwamba Tulia ni nchi ya Kikamba, na kwamba kudai Kiswahili ni kubadilisha tu lugha ngeni moja kwa nyingine. Pingamizi hili lina uzito, na Katiba yenyewe inaitaka serikali iendeleze lugha za wenyeji. Hata hivyo, pakiti husafiri. Ile inayofungwa kwa nafaka ya Kitui italiwa pia na Mkamba aliyezaliwa Mombasa, na jirani yake Mgiriama. Majina muthokoi na isyo yabaki kama yalivyo, kwa kuwa ndiyo majina ya vyakula hivyo. Maonyo makubwa yawe pia kwa Kikamba pale pakiti inapouzwa Ukambani. Na maelezo yote yawe katika Kiswahili, ambacho mtoto wa shule anaweza kumsomea nyanya yake.

Wengine watasema kwamba watu hawasomi pakiti, na kwamba picha zinatosha. Picha ya moto chini ya sufuria ni msaada mkubwa, lakini haiwezi kusema “usile baada ya”. Wala si kweli kwamba chombo cha chakula hakiangaliwi. Mikebe ya mafuta ya Kimbo na Kasuku imebaki sokoni miaka mingi baada ya mafuta kwisha, ikawa kipimo cha mahindi na maharagwe, na wanunuzi huichunguza kwa macho makali wasije wakapunjwa na mkebe uliobonyezwa chini. Watu wanaokikagua chombo kitupu kwa uangalifu huo hawatashindwa kukikagua chenye maandishi, iwapo maandishi yatakuwa na la kuwaambia.

Kutokana na hoja hizi, pakiti ya isyo inayomfaa msomaji wa Tulia ingeweza kuandikwa hivi, kwa herufi zisizo ndogo kuliko zile za bei:

“Isyo. Mahindi na maharagwe yaliyokwisha iva. Mahindi yamepimwa sumukuvu kabla ya kupikwa. Kata mfuko, mimina katika sufuria, ongeza maji nusu kikombe, pasha moto hadi kitokote. Usiuweke mfuko juu ya moto. Mfuko ukiwa umevimba au umetoboka, usile. Kikifunguliwa, kiliwe siku hiyohiyo. Usile baada ya tarehe iliyo hapa chini.”

Hayo ni maneno yasiyozidi hamsini na tano, na yanatosha upande mmoja wa pakiti. Hayana tamathali wala mapambo, na hayahitaji mfasiri aliyesomea ng’ambo. Yanachohitaji ni kwamba sentensi ya tatu iwe kweli kabla ya kupigwa chapa. Hapo kazi ya mwandishi inakoma na ya mwenye kiwanda inaanza, na ndiyo sababu sentensi hiyo haina budi kuandikwa mahali ambapo kila mnunuzi ataisoma na kuweza kuidai.