Kifaru Amepita au Kifaru Kimepita? Eugène Ionesco Mbele ya Msomaji wa Mavivi

Miongoni mwa Waromania waliovuma nje ya nchi yao katika karne ya 20, watatu hutajwa mara kwa mara: Nicolae Ceaușescu katika siasa, Nadia Comăneci katika michezo, aliyepata alama 10 kamili huko Montreal mwaka 1976 akiwa na umri wa miaka 14, na Eugène Ionesco katika tamthilia. Ceaușescu alikuwa rafiki wa Rais Mobutu, na kuuawa kwake tarehe 25 Desemba 1989 kuliushtua utawala wa Kinshasa. Hata hivyo, anayestahili kusomwa upya katika Kivu ya Kaskazini ni Ionesco.

Ionesco alizaliwa Slatina mwaka 1909, akafariki Paris mwaka 1994. Katika miaka ya 1930 aliwaona wasomi wenzake wa Bucharest wakivutwa, mmoja baada ya mwingine, na ufashisti. Huo ndio mzizi wa Rhinocéros, tamthilia aliyoiandika kwa Kifaransa na iliyoigizwa kwanza Düsseldorf mwaka 1959. Ndani yake wakaazi wa mji mdogo wanageuka vifaru, hata Bérenger akabaki mtu peke yake. Msomaji wa Kongo hahitaji maelezo marefu hapo: chini ya Mobutu, kila raia alihesabiwa mwanachama wa chama cha MPR tangu kuzaliwa.

Suala la lugha ndilo lenye uzito zaidi. Katika Kiswahili, neno kifaru lina maana mbili: mnyama wa porini na gari la vita. Kinachozitenga ni upatanisho wa kisarufi: mnyama amepita, gari kimepita. Kifaru mnyama hufuata upatanisho wa mtu, kama vile kijana na kiongozi, ijapokuwa majina yote matatu yana kiambishi ki-. Kwa hiyo, Jean, rafiki wa Bérenger, anapogeuka mbele ya macho yake, kitenzi hakibadiliki: aliyeingia bafuni ni a-, na anayetoka akikoroma ni a- ile ile. Sarufi yenyewe inasema alichokusudia mwandishi, kwamba mnyama huyu hakutoka porini, bali ametoka katika nyumba ya jirani.

Huko Mavivi, kaskazini ya mji wa Beni, penye uwanja wa ndege, maana ya pili ndiyo iliyo karibu na masikio. Tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni mnamo Oktoba 2014, magari ya deraya ya majeshi mbalimbali yamepita katika barabara za huko. Mfasiri atakayeandika kimepita atapata picha ya vita, lakini ataipoteza dhamira ya mchezo. Chombo hakina dhamiri wala hakiulizwi neno; jirani huulizwa. Tena, kwa kuwa upatanisho wa ngeli mara nyingi hulegea katika Kiswahili cha kila siku cha Kongo, tofauti hiyo haiwezi kuachiwa kitenzi peke yake. Itawabidi waigizaji waionyeshe kwa sauti na kwa mwili.

Tamthilia hii ina kasoro yake. Katika sehemu ya kwanza, paka wa mama mmoja anakanyagwa, nao watu wanabishana kama kifaru alikuwa na pembe moja au mbili. Kejeli hiyo ni kali, na yeyote aliyesikia wakubwa wakibishana juu ya idadi huku maiti hazijazikwa ataitambua. Lakini baada ya paka, Ionesco haendelei na habari za waliokanyagwa. Macho yake yako kwa wanaogeuka. Msomaji wa Beni ana haki ya kuuliza wako wapi.

Pamoja na hayo, Bérenger, mlevi asiye shujaa, anakataa bila kuwa na hoja za kutosha. Hilo ni fundisho kubwa: kubaki mtu hakungoji ushindi katika mabishano. Mfasiri wa Kiswahili alilinde kwa kiambishi kimoja tu, a-.