«Mmoja» na «umoja»: neno la Kigiriki katika Biblia ya Kiswahili

Neno la Kigiriki la kuhesabu moja lina sura tatu: heis kwa jinsia ya kiume, mia kwa ya kike, na hen kwa ile isiyo ya kiume wala ya kike. Tunakusudia kuona jinsi tafsiri iitwayo Union Version (Agano Jipya 1950, Biblia nzima 1952) ilivyolichukua pale linapomhusu Mungu.

Katika Marko 12:29, Yesu akikariri ungamo la Israeli (Kumbukumbu la Torati 6:4), Kigiriki kina heis: Mungu akihesabiwa, ni mmoja. Katika Yohana 10:30, akijinena yeye na Baba, kitenzi kiko katika wingi, na neno ni hen. Lau lingekuwa heis, Baba na Mwana wangekuwa nafsi moja. Tertullianus wa Karthago, mwanzoni mwa karne ya 3, alimpinga Praxeas kwa hoja hiyo, akitenga unus na unum za Kilatini.

Kifaransa hakina njia ya kuitenga tofauti hiyo: un hutumika kwa yote mawili. Watafsiri wetu waliweka mmoja katika Marko na umoja katika Yohana. Shina ni lile lile, -moja. Kiambishi pekee ndicho kinachobeba tofauti, kama katika Kigiriki. Wanaosema kwamba Kiswahili ni maskini kwa mambo ya teolojia wangesoma tena aya hizi mbili.

Hata hivyo tuna shaka. Umoja tumeuzoea katika majina ya vyama na mashirika, hivyo msikilizaji aweza kudhani kwamba Baba na Mwana wamepatana tu. Lakini «kitu kimoja» kingemtia Mungu katika ngeli ya vyombo! Tena Paulo atumia hen kwa apandaye na atiaye maji (1 Wakorintho 3:8), ambao hakuna aliyewadhania kuwa na asili moja ya kimungu. Basi hen peke yake haithibitishi mengi. Mawe yanayookotwa katika Yohana 10:31 yanaeleza zaidi. Kwa maoni yetu, umoja ni chaguo jema. Kosa liko katika Marko, ambako mmoja limefuata nomino Bwana: hadithi zetu huanza na «mtu mmoja», yaani mtu fulani. Afadhali mmoja lingefuata «ni» bila kitu katikati.

Kwetu Lubumbashi jambo ni zito zaidi. Katika usemi wa kila siku, moya haina upatanisho: mutu moya, kitu moya, siku moya. Mhubiri atasema moya kwa Marko, na moya kwa Yohana, na waumini watasikia hesabu ile ile mara mbili. Mwanafunzi akituuliza ngeli zina faida gani kwake, tumfungulie kurasa hizo.