Mafundi wa majina

Lancaster namba W4827 ya Skwadroni ya 103, Jeshi la Anga la Uingereza, iliruka kutoka kiwanja cha Elsham Wolds usiku wa kuamkia tarehe 26 Juni 1943 kwenda kupiga mabomu mji wa Gelsenkirchen, Ujerumani. Haikurudi. Ilitunguliwa ikiwa juu ya Uholanzi, ikaangukia nyumba ya mkulima na kumuua mke wa mwenye nyumba. Kati ya watu saba waliokuwamo ndani, wawili walikufa na waliobaki wakatekwa. Mmoja wa mateka hao, aliyekuwa na kazi ya kuielekeza ndege njia, alikuwa kijana kutoka Guyana aitwaye Cy Grant. Baada ya vita alikuja kuwa mwigizaji na mwimbaji aliyejulikana sana kwenye televisheni ya Uingereza.

Habari hii isingetufikia ikiwa imekamilika hivi kama si Joost Klootwijk, aliyekuwa mtoto tu ndege hiyo ilipoanguka karibu na kwao. Alikua, akaoa, akazaa, lakini maswali ya usiku ule hayakumtoka. Ndege ile ilikuwa namba ngapi? Walikuwamo akina nani? Walitoka wapi, na waliokufa wamezikwa wapi? Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa. Alifuatilia mpaka akampata Grant mwenyewe, naye Grant, akiwa mzee, akaelezwa mambo ya usiku wake mwenyewe ambayo hakuwahi kuyajua. Kisha Hans, mwana wa Joost, akashirikiana na Grant kutengeneza tovuti ya majina ya vijana wa Karibi walioruka na ndege za Uingereza katika Vita Kuu ya Pili. Ni mamia ya vijana ambao vitabu vingi vya vita hivyo viliwapita bila kuwataja. Grant alifariki mwaka 2010. Majina yamebaki.

Nimekuwa nikizisoma hifadhi za namna hii nikiwa hapa Musoma, na kinachonivuta zaidi ni ufundi wa wanaozitengeneza. Wengi wao ni wastaafu, walimu, mafundi umeme, wajukuu wa waliokufa. Wanafanya usiku, baada ya shughuli zao. Ukizitazama kurasa za tovuti ya Aircrew Remembered, au kanzidata ya waliopotea iliyojengwa na watu wa kujitolea katika kituo cha kumbukumbu cha Bomber Command, kamandi ya ndege za mabomu za Uingereza, mjini Lincoln, unaweza kudhani mtu alikaa akanakili orodha ya serikali. Sivyo. Bomber Command peke yake ilipoteza watu 55,573 katika ndege, na kila mmoja wao anatafutwa peke yake.

Kanuni yao ya kwanza ni kuanza na ndege kabla ya mtu. Majina ya watu hujirudia, tena karani akiwa na haraka huyakosea. Ndege ina namba moja iliyopakwa ubavuni, na ndege mbili hazishiriki namba hiyo. Ukishaipata, unafungua daftari la kila siku la skwadroni, ambamo karani aliandika nani alikuwa rubani, nani alikaa kwenye bunduki ya nyuma, waliondoka saa ngapi. Kwa ndege iliyopotea, safu ya saa ya kurudi iko wazi. Fundi anatoka hapo na kwenda upande wa adui: marubani wa Ujerumani nao waliandikisha saa na mahali walipodai kuangusha ndege. Anaoanisha saa na saa, kijiji na kijiji. Halafu anafuata rejesta ya makaburi, halafu kumbukumbu za halmashauri ya mahali mabaki yalipoanguka, na mwishoni kabisa anaiendea familia.

Hapo kwenye tarehe ndipo unapomjua fundi. Tuseme ndege iliondoka tarehe 25 kabla ya saa sita usiku, ikaanguka tarehe 26. Jiwe la kaburi linaweza kuwa na tarehe moja na barua ya jeshi ikawa na nyingine, na zote mbili ziliandikwa na watu waaminifu. Mtu wa pupa angechagua moja na kuifuta ya pili. Hawa huziandika zote mbili, na kando ya kila moja wanaweka ilikotoka. Miaka ikipita, mtu wa Kanada akija na barua aliyoikuta kwenye sanduku la bibi yake, kuna mahali pa kuiingiza, na kosa linasahihishwa mbele ya macho ya wote.

Jambo jingine ninalolipenda kwao ni usawa. Sajini aliyekufa kwenye safari yake ya kwanza anapewa mstari ule ule anaopewa kamanda mwenye nishani tatu. Anayesoma kwa haraka atapita bila kuliona hilo. Kwa familia ya yule sajini, mstari huo ni jambo kubwa mno.

Ziwa letu nalo limo katika hifadhi hizi. Mwaka 1945 ndege ya Jeshi la Anga la Afrika Kusini iliruka kutoka Kisumu na kuanguka ndani ya Ziwa Victoria, wakafa watu wote 28 waliokuwamo. Kuna mradi wa watu wa kujitolea unaofuatilia makaburi ya askari wa Afrika Kusini popote duniani, nao huweka namba ya jeshi, cheo, kikosi, tarehe na picha ya kaburi. Nyuma zaidi, katika Vita Kuu ya Kwanza, meli ya Waingereza iitwayo Sybil iligonga mwamba na kukwama Majita mnamo Novemba 1914, kwenye ufuko uliokuwa wa Wajerumani, ikaja kunasuliwa mwaka uliofuata. Majita ni hapa hapa, Musoma Vijijini. Wanaotaka kujua nani alipigana kando ya ziwa hili miaka ile wana pa kuanzia: chama kilichoanzishwa mwaka 2012 chini ya mwanahistoria Anne Samson kinakusanya majina ya walioshiriki vita ya Afrika Mashariki, Waafrika, Wahindi na Wazungu kwa pamoja.

Hao Waafrika ndio wanaoupima ufundi huu kwa kweli. Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wapagazi na askari wa Afrika Mashariki na Misri. Rubani wa Kiingereza ana daftari la skwadroni, barua kwa mama yake na picha ya shule. Mpagazi aliyebeba risasi kutoka ziwani kwenda kusini alikuwa na namba tu, na mara nyingi orodha yenye namba hiyo haikutunzwa.

Kwa mkoa wetu kuna ugumu wa ziada, na mtu wa Mara anauelewa bila kuelezwa. Wakurya walichukuliwa kwa wingi katika King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza. Sasa mwambie mtafiti wa mbali akutafutie askari aitwaye Mwita Chacha. Atapata wangapi? Chacha, Mwita, Marwa, Wambura: majina haya yamejaa kila boma kutoka Tarime mpaka Serengeti, na karani wa jeshi alitosheka nayo jinsi yalivyo, mara nyingine jina moja tu. Kumtenganisha Mwita huyu na Mwita yule kunahitaji jina la babu, ukoo, rika alilotahiriwa nalo na mlima uliokuwa karibu na kwao. Maswali hayo hayamo katika fomu yoyote iliyotungwa Ulaya. Yamo vichwani mwa wazee wa Mara. Ni kama kushona wavu pale mwaloni Mwigobero, Musoma: ukiruka tundu moja, ulilolenga kulishika litapita humo humo.

Naja sasa kwenye vita vyetu wenyewe, vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Ndege za Uganda ziliipiga Bukoba. Ndege kubwa ya Libya ilitumwa kuipiga Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Musoma ilikuwa macho usiku na mchana, vidole kwenye vifyatulio, na waandishi wa historia ya vita hivyo wanaeleza kwamba ndege tatu za Jeshi letu zilitunguliwa hapa na wanajeshi wetu wenyewe, kwa kudhaniwa ni za adui. Hiyo ni habari nzito, na naona haifai ifichwe wala ishangiliwe. Waliolenga walikuwa vijana wetu, na waliokuwa juu walikuwa vijana wetu. Namna pekee ya kuwaheshimu wote ni ile ya Joost Klootwijk: namba ya ndege, saa, ilikotoka, ilikokuwa ikienda, na jina la aliyeirusha, likiandikwa sawasawa.

Butiama nako vita hivyo vilifika hadi sebuleni. John Guido Nyerere, mtoto wa Mwalimu Julius Nyerere, alikuwa rubani wa ndege za kivita za Jeshi la Wananchi. Alifariki mwaka 2015. Rais aliyeamuru vita hivyo alikuwa mzazi kama wazazi wengine wenye vijana jeshini, na naamini hilo lingestahili kuelezwa vizuri kwa kila mtoto wa shule anayepanda Mwitongo kulitazama kaburi la Mwalimu na kuingia katika makumbusho yake.

Taifa lina mahali pake pa kuwakumbuka mashujaa wa Kagera, Kaboya wilayani Muleba, na kila tarehe 25 Julai tunawawekea mashada. Mnara unafanya kazi yake. Lakini mnara hauwezi kueleza kwamba marehemu alitoka kijiji gani cha Bunda, alikuwa mgambo aliyeitwa akiwa shambani au askari wa siku nyingi, alimwacha nani nyumbani, na rafiki yake wa handaki moja yuko wapi leo. Jeshi letu la vita vile lilijazwa na mgambo waliotoka vijijini kwa maelfu, na habari zao zimetawanyika katika vyumba vya watu: kitambulisho ndani ya Biblia, picha iliyofifia ukutani, barua moja iliyokunjwa mara nne. Hakuna ofisi itakayopita nyumba kwa nyumba kuzikusanya. Uholanzi haikupita pia. Alipita mtu mmoja mwenye daftari.

Kwa hiyo ninasema na wewe uliye Musoma, Bunda au Butiama, na baba, mjomba au babu aliyekwenda Kagera, au aliyerudi kutoka Burma na King's African Rifles katika Vita Kuu ya Pili. Chukua daftari la kawaida. Andika jina lake kamili, la baba yake na la babu yake, ukoo, rika na kijiji kama kilivyoitwa wakati ule. Andika namba ya jeshi, kikosi, alipoondoka, alipoonekana mara ya mwisho na aliyekuwa naye. Mkitofautiana katika familia kuhusu tarehe, andika zote mbili, na kando yake nani kasema ipi na lini. Piga picha ya kila karatasi, mbele na nyuma. Iulize familia kabla ya kuweka chochote hadharani. Kisha peleka nakala moja shule ya sekondari iliyo karibu nawe, mwalimu wa historia atajua la kufanya nayo.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 vita vya Kagera vilipoanza, leo anakaribia miaka 70.