Kugawana na Kushiriki: Neno Moja la Kiingereza Katika Insha Zetu

Katika insha za wanafunzi wetu twakuta mara kwa mara sentensi kama hizi: "Niligawana chumba na kaka yangu", "Napenda kushiriki nanyi habari hii." Chanzo chake ni kitenzi kimoja cha Kiingereza, *share*, ambacho mwanafunzi amekitafutia neno moja la Kiswahili akatosheka. Wala kosa si lake peke yake. Katika simu za siku hizi kitufe cha kuwapelekea wengine picha huandikwa "Shiriki". Yatupasa walimu tulitazame jambo hili.

Asili ya neno hilo la Kiingereza ni kukata. Lina udugu na kitenzi cha kukata manyoya ya kondoo, na pia na jina la ulimi wa plau upasuao ardhi. Kwanza lilikuwa jina la fungu lililokatwa. Katika karne ya 16 likaanza kutumika kama kitenzi. Maana yake imepanuka hata leo Mwingereza hulitumia kwa mkate, chumba, huzuni na habari, asibadili neno.

Kiswahili hakikufuata njia hiyo. Agawaye huwapa wengine mafungu. Wagawanao huondoka kila mmoja na lake. Agawanyaye hukipasua kitu kizima. Basi aliyegawana chumba na kaka yake amekitia mpaka katikati. Kushiriki, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kuwa na sehemu katika jambo: arusi, mazishi, mkutano. Jambo hubaki zima. Waongezekao ni watu. Lakini picha haishirikiwi, husambazwa. Habari twawapasha wenzetu. Gharama za mgonjwa twazichangia. Chumba twakaa pamoja. Na mali ya kampuni iliyokatwa mafungu ina jina lake, hisa.

Yuko atakayesema kwamba lugha hukua, na kwamba kushiriki kunaweza kupewa maana mpya. Hatukatai. Lakini ukuaji huongeza uwezo wa kupambanua, hapa tunapunguziwa. Mwanafunzi aliyezoea neno moja kwa yote hatakosa maksi tu, atakosa pia kuona tofauti ambazo wazee waliziona.

Tuitazame methali: "Kizuri kula na nduguyo." Hamna humo kugawa wala kushiriki. Kazi yote imefanywa na "na", neno dogo kuliko yote. Mtu angeitafsiri kwa Kiingereza, kisha akairudisha kwa Kiswahili kwa kamusi, angepata "Gawana kitu kizuri na ndugu yako", na ladha ya methali ingekuwa imekwisha.

Sisi tufundishao Rwanda na Burundi tuna msaada ulio karibu. Mtoto wa huku analijua neno *gusangira*, la watu wanaokula pamoja. Katika Kinyarwanda analo pia *kugabana*, ndugu wa kugawana. Tofauti anayo tayari kinywani mwake. Sisi ndio tunaompitisha Kiingereza akaipoteza njiani.

Basi kabla ya kufungua kamusi, tumwulize mwanafunzi: kitu hiki kinakatwa, au kinabaki kizima? Kama kinabaki kizima, watu wanakifanyia nini? Wanakila, wanakikalia, wanakisikia, au wanakichangia? Akijibu kwa Kiswahili, kitenzi atakuwa amekwisha kukipata.